Mtindo wa Lugha katika Uongozi wa Kimageuzi: Mwalimu Nyerere na Sera ya Uchumi, 1962–1985

1.0 Utangulizi

Kwa kawaida kiongozi wa sera ya uchumi hupimwa kwa takwimu: pato la taifa, mfumuko wa bei, thamani ya sarafu na urari wa biashara ya nje. Vipimo hivyo ni halali, lakini havijibu swali moja ambalo mwanaisimu hana budi kuliuliza: sera hiyo ilisemwa kwa maneno ya aina gani, na msikilizaji alipewa nafasi gani katika kauli za msemaji? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kumchunguza Mwalimu Julius Nyerere (1922–1999), kiongozi ambaye kati ya mwaka 1962 na 1985 alijaribu kuubadili mwelekeo wa uchumi wa Tanzania, na ambaye sehemu kubwa ya jaribio hilo aliifanya kwa Kiswahili.

Hoja inayotetewa ni kwamba mtindo wa mawasiliano wa kiongozi wa aina hii si pambo la sera, bali ni sehemu ya sera yenyewe. Aidha, inapendekezwa kwamba kipimo cha mtindo huo kisiwe wingi wa watu walioyarudia maneno ya kiongozi, bali uwezo wa watu hao kuyatumia maneno hayohayo kumdai yeye na wasaidizi wake.

2.0 Dhana ya uongozi wa kimageuzi

Katika taaluma ya siasa, James MacGregor Burns (1978) alitofautisha aina mbili za uongozi. Ya kwanza ni uongozi wa mabadilishano, ambapo kiongozi na mfuasi hupeana kitu kwa kitu: kura kwa ajira, utii kwa ujira. Ya pili ni uongozi wa kimageuzi, ambapo kiongozi na wafuasi huinuana kufikia malengo yaliyo juu ya maslahi yao ya awali. Bernard Bass (1985) aliipeleka dhana hiyo katika utafiti wa mashirika, akisisitiza mfano bora wa kiongozi mwenyewe, uwezo wake wa kutia hamasa, kuchochea fikra na kumjali kila mfuasi kama mtu.

Jambo moja katika maelezo ya Burns husahaulika mara kwa mara. Kwake yeye, mabadiliko ni ya pande mbili: mfuasi hubadilishwa, na kiongozi naye hubadilishwa. Mtu anayewasukuma wengine kufikia lengo lake bila kuguswa nao anatumia nguvu, haongozi. Tofauti hiyo ndiyo itakayotumika hapa kama kigezo. Kwa kuwa kuinuana kwa namna hiyo hufanyika zaidi kwa njia ya maneno, isimu ina mchango wake katika mjadala huu: ni sifa zipi za lugha zinazoonyesha kwamba mlango kati ya msemaji na msikilizaji uko wazi, na ni zipi zinazoonyesha kwamba umefungwa?

3.0 Sifa kuu za mtindo wa Mwalimu

3.1 Uteuzi wa maneno

Sifa ya kwanza ni kuchagua maneno ya nyumbani na kuyapa kazi ya kitaifa. Neno "ujamaa" halikuundwa mwaka 1962, Mwalimu alipochapisha insha yake yenye jina hilo. Shina lake, "jamaa", lina asili ya Kiarabu na lilikwisha kukaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, na kiambishi u- kiliunda nomino dhahania yenye maana ya uhusiano wa watu wa ukoo mmoja. Kilichofanyika ni kuipanua maana hiyo kutoka ukoo hadi taifa. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu nadharia za Ulaya alikuwa tayari na maarifa ya kumwezesha kuuliza: je, jamaa hutendeana hivi?

Neno "unyonyaji" linaonyesha utaratibu huohuo kwa namna nyingine. Kitenzi "nyonya" hakina ubaya wowote. Ndicho kinachoeleza tendo la mtoto kwa mama yake. Ubaya unazaliwa pale anayenyonya anapokuwa mtu mzima mwenye nguvu, na anayenyonywa anapokuwa hana cha kutosha. Kwa kutumia unyambuaji wa kawaida wa lugha, mnyonyaji, unyonyaji, kunyonywa, dhana nzito ya uchumi wa kisiasa iliwekwa katika umbo ambalo hata mtoto angeweza kulichambua. Kandokando yake zilitumika sitiari za "kupe", mdudu anayefahamika kwa kila mfugaji, na "mirija", kifaa cha kufyonzea pombe chunguni. Kauli ya kukata mirija ilieleza utaifishaji wa benki, uliotangazwa tarehe 6 Februari 1967, kwa ufasaha zaidi kuliko ambavyo taarifa ya kihasibu ingeweza.

Mfano wa tatu ni "bepari". Neno hili limetoka katika lugha za India, ambako humtaja mfanyabiashara, na kwa maana hiyo ndivyo lilivyoingia Kiswahili. Mwalimu alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venice, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1969, aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Katika jina la asili mfanyabiashara ni mmoja. Katika tafsiri ni wengi. Mtu amegeuka kuwa tabaka. Mfasiri na mtunga sera hapa walikuwa mtu yuleyule, na kazi yao ilikuwa moja.

3.2 Nafsi na kirejeshi

Sifa ya pili ni ya kisarufi. Kijitabu cha Mwalimu cha mwaka 1962, Tujisahihishe, kimebeba katika jina lake muundo unaojirudia katika mawasiliano yake yote ya uchumi: kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi (tu-), kirejeshi (-ji-) na hali ya kutaka (-e). Kirejeshi kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Hakuna mtu wa nje anayesahihisha, wala hakuna mtu wa nje anayesahihishwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno "kujitegemea". Kitenzi "tegemea" kinahitaji kitu cha kuegemewa. Kirejeshi kinakirudisha kitu hicho kwa mtenda mwenyewe. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mjini Arusha mwezi Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo, linataja mambo manne yanayohitajika kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo katika orodha hiyo. Sarufi na sera zinakubaliana: anayetenda maendeleo na anayetendewa ni mtu mmoja.

Hata hivyo, tu- ya Kiswahili ina utata ambao baadhi ya lugha za dunia hazinao. Kiswahili hakitofautishi kimofolojia kati ya "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Muktadha pekee ndio unaoamua. Katika miaka ya awali Mwalimu aliuondoa utata huo kwa matendo. Mwezi Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza mamia yao, lakini papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalikuja kujulikana kama "miiko ya uongozi". Neno mwiko halitoki ofisini. Ni katazo la kimila ambalo mvunjaji wake hudhurika mwenyewe. Kwa hiyo, mwananchi aliposikia tu-, alikuwa na ushahidi kwamba msemaji naye yumo.

Matumizi ya "ndugu" kama neno la kuitana, kuanzia kwa waziri hadi kwa tarishi, yalikuwa na kazi hiyohiyo katika uwanja wa adabu ya mazungumzo.

3.3 Ufafanuzi wa hadharani

Sifa ya tatu ni tabia ya ualimu: kufafanua dhana mbele ya hadhira na kuonyesha hatua za hoja. Azimio lilitolewa kwa Kiswahili, na maandishi ya Kiingereza yakawa tafsiri yake. Ndani yake mna maelezo ya mikopo ya nje ambayo yangeweza kufundishwa darasani. Hoja inakwenda hivi: mikopo hutumika zaidi mijini, katika viwanda, barabara na hospitali, mikopo hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, fedha za kigeni hupatikana kwa kuuza mazao nje, mazao hulimwa na wakulima vijijini, basi anayekopa na anayelipa si mtu mmoja. Kutokana na hapo msomaji anatahadharishwa kwamba mnyonyaji wa mkulima anaweza kuwa mkazi wa mjini, pamoja na kiongozi anayelisoma Azimio lenyewe.

Mtindo huu una thamani ya pekee. Kauli mbiu huweza kurudiwa bila kueleweka, lakini hoja iliyowekwa hatua kwa hatua humpa msikilizaji uwezo wa kuipinga hatua mojawapo. Ndiyo maana mtindo wa Mwalimu katika kipindi hiki unastahili kuitwa wa kimageuzi kwa maana kamili ya Burns, na hasa kwa kipengele ambacho Bass anakiita uchocheaji wa fikra.

4.0 Maneno kumrudia msemaji

Ushahidi wa wazi kabisa wa uwezo huo ulionekana baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kifungu cha 15 cha waraka huo kilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka miwili iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda vingi walisimamisha kazi, na madai yao hayakuwa ya ujira peke yake. Walilalamikia matusi, kunyanyaswa na kudharauliwa na mameneja, nao walikitaja kifungu kwa namba yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikishika kiwanda na kuendelea na uzalishaji wenyewe.

Kwa mtazamo wa isimujamii, tukio hili ni muhimu kuliko maandamano yote ya kuunga mkono Azimio. Anayeandamana huku akiimba neno la kiongozi huonyesha kwamba amelipokea. Anayemsomea meneja wa shirika la umma kifungu cha chama tawala huonyesha kwamba neno limekuwa lake. Katika hatua hiyo mfuasi ameinuliwa, na sasa ni zamu ya kiongozi kubadilika.

Dola haikulipokea zoezi hilo kwa muda mrefu. Majaribio mengine ya wafanyakazi kushika viwanda yalizimwa mwaka huohuo wa 1973, na mkazo ukarudi kwenye nidhamu ya kazi. Ni vema kukumbuka kwamba tangu 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria, na kwamba sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilikuwa ikitumika. Maneno ya Mwalimu yalimwalika mwananchi kujibu; taasisi zilizozunguka maneno hayo hazikumwekea mahali pa kujibia.

5.0 Kutoka ushawishi hadi amri

Badiliko la mtindo linaonekana wazi zaidi katika sera ya vijiji. Andiko la Ujamaa Vijijini la mwezi Septemba 1967 lilisisitiza kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa. Ilibidi waelezwe, waone mfano na waamue. Kufikia mwezi Novemba 1973 msimamo ulikuwa mwingine: ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji.

Msamiati ulifuata mkondo huo. Neno lililotawala sasa lilikuwa "operesheni", lililotoka katika lugha ya kijeshi na lililokwisha kutumika katika Operesheni Rufiji, Operesheni Dodoma na Operesheni Kigoma. Tofauti na ujamaa au unyonyaji, operesheni halina shina ambalo mkulima angeweza kulinyambua na kuliuliza swali. Vitenzi navyo viligeuka: badala ya watu kuhama, watu walihamishwa. Kirejeshi kilipotea na nafasi yake ikachukuliwa na kauli ya kutendwa. Mamilioni ya watu walihamishwa, na katika baadhi ya sehemu nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Hapa ndipo utata wa tu- uliotajwa juu unapodhihirika. Kauli ya aina ya "tumeamua" ni sahihi kisarufi iwe walioamua ni wananchi au ni kikao cha chama. Mwaka 1967 msikilizaji alikuwa na sababu ya kujihesabu ndani ya tu- hiyo. Mwaka 1974, akiwa juu ya lori na vyombo vyake, hakuwa nayo. Umbo la lugha lilibaki lilelile, lakini maana ilikuwa imehama kutoka ujumuishi hadi utengaji.

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikamilisha utengano huo kwa kutofautisha "kijiji" na "kijiji cha ujamaa". Kijiji kiliweza kuandikishwa bila kuwa cha ujamaa. Kwa maneno mengine, neno lililokuwa kiini cha sera lilifanywa kuwa sifa ya hiari, ilhali makazi yenyewe, yaliyokuwa ya hiari, yalifanywa kuwa ya lazima.

Haitakuwa haki kuacha kutaja kwamba Mwalimu mwenyewe aliirudia desturi ya kujisahihisha. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, alikiri bila kuficha kwamba nchi ilikuwa haijafikia ujamaa wala kujitegemea, na akaorodhesha kasoro za serikali yake. Viongozi wa nafasi yake waliofanya hivyo ni wachache. Lakini kufikia mwaka 1983, nchi ikiwa imeelemewa na gharama za vita vya Kagera vya 1978–1979, bei ya mafuta na uhaba wa bidhaa, sitiari ya kupe ilikwisha kubadili shabaha. Katika kampeni dhidi ya "wahujumu uchumi" na "walanguzi", lawama iliyokuwa imeelekezwa kwa mfumo ilielekezwa kwa watu, wakiwamo wachuuzi wadogo. Sitiari ya mdudu ina hatari hiyo tangu mwanzo: inafaa kueleza uhusiano, lakini ikibandikwa kwa mtu humwondoa katika jamaa.

6.0 Ruksa na lugha ya baadaye

Urithi wa mtindo huu unaeleweka vizuri ukilinganishwa na ule wa aliyemfuatia. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani mwezi Novemba 1985, na mwaka 1986 serikali yake ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, makubaliano ambayo mtangulizi wake alikuwa ameyakataa kwa miaka kadhaa. Badiliko hilo kubwa la uchumi halikupewa azimio wala insha. Lilipewa neno moja, "ruksa", na kiongozi akaitwa Mzee Ruksa.

Ruksa ni nomino isiyo na mtenda. Ni jibu la swali: mtu anaomba, mwingine anakubali. Kwa mwananchi aliyekuwa amepanga foleni ya sabuni na sukari, neno hili lilikuwa faraja ya kweli, kwani lilimpa nafasi ya kutenda bila kuhubiriwa. Hata hivyo linadokeza kwamba aliye na mamlaka ya kuruhusu ana pia mamlaka ya kukataza. Kujitegemea kulimdai mwananchi mengi, lakini kulimfanya kuwa mtenda. Ruksa ilimdai machache, na ikamfanya kuwa mwombaji aliyekubaliwa.

Istilahi zilizofuata zilitokana zaidi na tafsiri. Nyaraka za mageuzi ya uchumi ziliandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili kikatafuta visawe: "soko huria", "uchangiaji wa gharama", "ubinafsishaji". Istilahi hii ya mwisho inafaa kuangaliwa kwa makini. Kimofolojia ni sahihi, ikitokana na "binafsi". Lakini shina hilo ndilo lililozaa pia "ubinafsi", tabia iliyolaaniwa kwa zaidi ya miaka ishirini ya elimu ya siasa. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, wasikilizaji wengi hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Tume iliyosimamia kazi hiyo iliitwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Jina lake lilikwepa neno lililokuwa midomoni mwa watu. Mabadiliko ya miiko ya uongozi, yaliyofikiwa na chama tawala mjini Zanzibar mwezi Februari 1991, nayo yalifahamika kwa wananchi wengi baada ya kufanyika. Mambo hayo mawili yanaonyesha sera ya uchumi ikirudi katika lugha ya ofisi.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, mtindo wa Mwalimu ulikuwa wa kimageuzi pale uliposimama juu ya maneno yenye mashina yanayojulikana, nafsi ya wingi inayomjumuisha msemaji kwa ushahidi wa matendo, na hoja zinazofuatika. Pili, nguvu ya mtindo huo ilithibitishwa na wafanyakazi waliokitumia kifungu cha 15, na mipaka yake ilidhihirishwa na jinsi walivyozimwa. Tatu, ushawishi ulipogeuka amri, lugha ilionyesha dalili: kirejeshi kilitoweka, kauli ya kutendwa ikatawala, na tu- ikamwacha msikilizaji nje.

Matokeo haya yana maana kwa waundaji wa istilahi za uchumi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo istilahi za kodi, mikopo na uwekezaji zinaingia katika maisha ya wananchi kwa kasi mpya. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuanza na hotuba za bajeti, wakihesabu si idadi ya istilahi mpya tu, bali pia ni nani mtenda wa kila kitenzi. Istilahi ambayo mwananchi anaweza kuinyambua ndiyo anayoweza kuitumia kuuliza swali, na sera isiyoulizika kwa lugha ya wanaoilipia haiwezi kuitwa yao.